Sigara ilikuwa inamfanyia kazi gani? Kisa cha msukuma mkokoteni mwenye kifua kikuu

Mwanaume wa miaka 43, msukuma mkokoteni kwenye soko la vyakula jijini Dar es Salaam, ana mke na watoto watatu. Alifika kliniki yetu ya TB na kikohozi cha miezi minne, homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, na suruali aliyoikaza kwa kamba kwa sababu mkanda ulikuwa umeisha matundu. Kilo 48. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert kilionyesha vimelea vya kifua kikuu ambavyo rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, bado inavimudu. VVU hakuwa navyo, sukari ilikuwa sawa. Picha ya kifua ilionyesha tundu juu ya pafu la kulia na madoa upande wa kushoto. Alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 17, na siku anafika kwetu alikuwa kwenye fegi 15 kwa siku, za kununua moja moja.

Nimebadilisha mambo machache asitambulike, na mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Nawaandikia wauguzi na matabibu wenzangu wa kliniki za TB, na wahudumu wa afya wa mitaani wanaofuatilia dawa majumbani. Mgonjwa kama huyu ni rahisi kumpa dawa miezi sita, akazimeza zote, tukamwandika daftarini kuwa amepona, naye akatoka getini akiwasha sigara. Kwenye takwimu zetu huyo ni ushindi, lakini kwenye mapafu yake kazi imeishia nusu.

Kikohozi kilichopewa jina jingine

Miezi minne ni mingi. Nilipomuuliza alikuwa wapi muda wote huo, alijibu bila kusita: "Sista, si kikohozi cha sigara tu." Kijiweni kwao kila mtu anakohoa asubuhi. Wanakohoa, wanatema, wanawasha nyingine, siku inaanza. Kikohozi chake kilipobadilika hakuna aliyeshtuka, hata mke wake aliyezoea kukisikia kwa miaka. Alinunua dawa ya maji ya kifua, kisha vidonge vya antibayotiki kwenye duka la dawa, akapata nafuu ya siku chache, akarudia. Hakuna aliyemwomba makohozi. Alikuja alipoona damu.

Hapo sigara ilikuwa imeshamdhuru mara mbili. Kwanza ndani ya mwili: moshi unalemaza vinyweleo vinavyosukuma uchafu kutoka kwenye njia ya hewa, na unadhoofisha seli za kinga zilizomo mapafuni, zile ambazo kazi yake ni kumeza vimelea kabla havijaota mizizi. Pili, sigara iliufunika ugonjwa kwa kuupa sababu nyingine. Utaratibu unasema kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe TB. Mvutaji anajiona hahusiki, kwa sababu yeye anakohoa mwaka mzima. Tukikutana na mvutaji, tumuulize kikohozi kimebadilika nini. Huyu angetuambia kilikuwa kikavu kikawa na makohozi mengi, kilikuwa cha asubuhi kikawa cha usiku kucha.

Jambo hili ni kubwa kuliko kijiwe kimoja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na wagonjwa wapatao laki 7 kati yao wanahusishwa na uvutaji wa sigara. Hao ni wengi kuliko wanaohusishwa na VVU. Kila mgonjwa wa TB anapimwa VVU siku ya kwanza, na ni sawa kabisa. Swali la sigara tunalitupia pembeni kama la heshima tu.

Maswali ya siku ya kwanza

Wengi wetu tuna sentensi moja tunayoisema huku tunaandika kadi: usivute sigara, usinywe pombe, kula vizuri. Mgonjwa anaitikia "sawa", tunaendelea na vidonge. Sentensi ile haina ubaya, ila haimsaidii mtu ambaye ameshaambiwa hivyo na mama yake, mke wake, na imamu au mchungaji wake. Kuacha anajua anapaswa. Hajui tu ataishije siku nzima bila fegi.

Kwa hiyo tulimuuliza ya kwanza anaivuta saa ngapi. Alisema kabla hajavaa viatu. Mtu anayewasha ndani ya dakika tano baada ya kuamka, nikotini imemshika sawasawa, na tujiandae naye kwa arosto ya kweli. Kisha tukamwomba atupitishe kwenye siku yake, fegi baada ya fegi, na sisi tukikaa kimya.

Anafika sokoni saa kumi alfajiri, malori yanaposhusha. Anasukuma mpaka saa nne asubuhi bila kutia kitu tumboni. "Ukila kwanza, tumbo linakuwa zito, na hela yenyewe bado hujaishika. Ukipiga fegi, njaa inakaa kimya." Fegi sita au saba za kwanza zilikuwa hizo, kifungua kinywa chake. Kisha zile za kusubiri mzigo, za kuondoa usingizi. Kisha za kijiweni mchana, pale chini ya turubai, kahawa na kashata, fegi moja inazunguka midomo mitatu. Ya mwisho ni ya nje ya chumba usiku, watoto wamelala, anawaza kodi.

Nilimuuliza: tukisema uache kesho, utaumia wapi zaidi? Nilitegemea aseme njaa, au kahawa. Akasema: "Nikiacha ghafla watajua. Mtu haachi fegi hivi hivi. Wataniuliza una nini, na mimi nitasemaje?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Mgonjwa alikuwa anavuta ili asijulikane ana TB. Mkokoteni ni kazi ya kuitwa: mwenye mzigo anapiga mluzi, anachagua wa kumbebea vitunguu vyake. Likienea neno kwamba fulani ana TB, hapigiwi mluzi. Kila alipopokea fegi kutoka kwa mwenzake na kuvuta pafu mbili mbele ya watu alikuwa anajitangaza kuwa mzima. Kumwambia "acha sigara" bila kujua hilo ni kumwambia avue nguo sokoni.

Nilipomaliza kusikiliza, picha ilikuwa wazi. Sigara ilikuwa inamshibisha, inamwamsha, inamkutanisha na wenzake na inamficha. Kila kazi kati ya hizo ilihitaji kupata mtendaji mwingine, la sivyo sigara ingerudi kuifanya.

Hesabu ya shilingi 3,000

Dawa za TB zilianza siku ile ile, vidonge vitatu vya mchanganyiko kwa uzito wake, mke wake akiwa msimamizi wa matibabu nyumbani. Sigara tulimpa wiki moja. Wapo wenzangu wanaoona hilo ni kulegeza kamba, kwamba mgonjwa wa mapafu aambiwe aache papo hapo. Atakayetaka kuacha leo, aache leo, na tumshangilie. Lakini kwa mtu aliyeshikwa kama huyu, naona wiki ile ina faida ya kitabibu. Inamruhusu kuyajua maudhi ya vidonge kwanza: kichefuchefu cha siku za mwanzo, mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, viungo kuuma. Akishayajua, arosto ikija ataitambua kuwa ni kitu kingine. Alichagua mwenyewe siku ya kuacha: Ijumaa.

Katika wiki ile tulifanya hesabu nyuma ya karatasi ya maabara. Kijiweni kwao fegi moja ni shilingi 200. Fegi 15 ni shilingi 3,000 kwa siku. Kikombe kikubwa cha uji na viazi vitamu kwa mama lishe ni 1,000. Sahani ya ugali na dagaa ni 1,500. Inabaki 500. Aliitazama karatasi ile kwa muda, akaniuliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani. Mtu huyu alikuwa anatuambia, kwa dhati kabisa, kwamba hana hela ya kula asubuhi.

Tatizo lilikuwa mpangilio wa hela: fegi inanunuliwa moja moja kadiri shilingi 200 inavyopatikana, chakula kinadai 1,000 kwa mpigo alfajiri ambapo mfuko ni mtupu. Mke ndiye aliyelitatua. Alikwenda kwa mama lishe, wakakubaliana mumewe apewe uji saa kumi na mbili na nusu kwa mkopo, alipe saa tano baada ya mizigo ya kwanza. Mama lishe aliambiwa mgonjwa ana vidonda vya tumbo na amekatazwa kukaa na njaa. Uongo huo walitunga wenyewe nyumbani. Sikuwashauri, na sikuwakataza, kwa sababu siri ya ugonjwa ni yao. Nakiri tu kwamba ulifanya kazi nzuri: ulieleza kwa nini anakula asubuhi, kwa nini amekonda, kwa nini ameacha kahawa na kwa nini hataki fegi. Kijiwe kizima kilikubali. Vidonda vya tumbo havimnyimi mtu mluzi.

Jojo za kutafuna zenye nikotini na plasta zake, za kumsaidia anayeacha sigara, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kituoni kwetu hazipo, na dukani bei yake si ya msukuma mkokoteni. Tulimpa vya pwani: karafuu ya kutafuna mdomoni, karanga mfukoni, chupa ya maji, na maelezo kwamba hamu ya kuvuta ikipanda huwa inashuka ndani ya dakika chache hata usipovuta. Asogee, anywe maji, asukume mkokoteni mtupu mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi.

Siku ya tatu

Aliacha Ijumaa kama alivyosema. Jumapili jioni alipiga simu: "Sista, dawa zimenikataa."

Kichwa kinamuuma. Hajalala usiku wa pili. Mdomo mkavu, mikono inatetemeka kidogo, amewafokea watoto mpaka mkubwa akalia. Na kikohozi, kilichokuwa kimeanza kupungua, kimerudi na makohozi meusi. Alikuwa ameamua kupumzisha vidonge siku mbili tatu ili mwili upoe.

Nilimuuliza ya hatari kwanza. Macho yamekuwa ya njano? Hapana. Unatapika, umeshindwa kula kabisa? Hapana, njaa ndiyo inamuua. Upele, kuwashwa mwili? Hapana. Ganzi miguuni, macho kuona ukungu? Hapana. Hizo zingekuwa sauti za dawa, na mgonjwa angeitwa kituoni mara moja. Alichokuwa nacho kilikuwa arosto ya nikotini, ambayo huanza saa chache baada ya fegi ya mwisho, hupanda kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka taratibu ndani ya wiki mbili hadi nne. Hata kikohozi kuongezeka kwa muda hutokea kwa baadhi ya watu, njia ya hewa inapoanza kujisafisha.

Hapa naomba msomaji atulie nami. Mgonjwa ana vitu viwili vipya mwilini, vidonge na ukosefu wa sigara. Anaumwa kichwa. Atalaumu kipi? Sigara ni rafiki yake wa miaka 26, vidonge amevijua juzi. Atalaumu vidonge. Ataviacha, atawasha fegi, kichwa kitapona baada ya dakika kumi, na kwa macho yake ushahidi utakuwa umetimia. Tumepoteza vyote viwili kwa siku moja, na mlango wa usugu wa dawa umefunguliwa. Ndiyo maana mgonjwa wa TB anayeacha sigara aambiwe mapema, kabla ya siku yenyewe, dalili ipi ni ya nini, na awe na namba ya kupiga. Huyu alikuwa ameambiwa, na bado alichanganya. Kilichomwokoa ni kwamba alipiga kabla ya kuacha.

Jumatatu alikuja, tukamtazama macho na ngozi, tukahesabu vidonge, akanywa vyake mbele yetu.

Ugoro

Wiki ya tatu alijibu kwa furaha kwamba havuti kabisa. Mke wake, aliyekaa kando, alicheka kidogo na kutazama mlango. Nikauliza tena kwa namna nyingine: kuna tumbaku yoyote unayotumia? Akatoa mfukoni kikaratasi cha ugoro. Wenzake walimpa, "hii haina moshi, haigusi tumbo." Hakuwa amedanganya. Tulimuuliza kama anavuta, na hakuwa anavuta.

Tangu hapo tunauliza tumbaku ya aina yoyote, tukitaja kwa majina: sigara, msokoto, ugoro, kuberi, shisha, na bangi pia, kwa kuwa nayo mara nyingi husokotwa pamoja na tumbaku. Ugoro wake tuliuacha upungue kwa wiki mbili badala ya kuupiga marufuku siku ile. Mapafu yalikuwa yanapata nafasi, na sikutaka apigane vita mbili kwa wakati mmoja.

Mwezi wa pili

Alifika na kilo 52. Kikohozi hakuna, homa hakuna, sauti imerudi, analala usiku. Ananukia sigara.

"Nimepona, sista. Mbili tatu tu kwa siku, za kijiweni." Mke alisema ni nne au tano.

Ukiniuliza sigara hurudi lini kwa mgonjwa wa TB, nitakuambia wakati huu. Wiki za kwanza anaogopa kufa, na hofu inamsaidia. Mwezi wa pili mwili una nguvu, amerudi kazini siku nzima, amekaa tena chini ya turubai. Ndio wakati huo huo wagonjwa wanapoanza kuruka vidonge, na sababu ni ile ile: anajisikia mzima. Ratiba zetu nyingi zinaweka nguvu yote ya ushauri siku ya kwanza, mgonjwa akiwa na homa na hasikii nusu ya maneno. Mwezi wa pili, anapohitaji kukalishwa chini, anapewa vidonge dirishani na kuambiwa "endelea vizuri".

Siku hiyo majibu ya makohozi yalirudi: vimelea bado vinaonekana, vichache. Muuguzi mwenzangu alitaka tumwonyeshe karatasi na kumwambia, unaona sigara ilivyokufanya. Nilikataa, na nadhani ni vizuri kueleza kwa nini. Wavutaji kwa kawaida huchelewa kusafika makohozi, hilo linajulikana. Lakini mgonjwa huyu alianza na vimelea vingi na tundu pafuni, na hayo peke yake yanaweza kuchelewesha. Kiasi gani ni cha moshi na kiasi gani ni cha tundu, siwezi kupima. Nikimwambia kwa uhakika nisio nao, na mwezi wa tatu makohozi yakasafika huku bado anavuta, nitakuwa nimempa ruhusa kwa mkono wangu. Tena mgonjwa aliyetishwa hujifunza kudanganya. Atatafuna pipi ya mnanaa kabla ya kliniki na tutaandika "ameacha".

Tulihesabu vidonge: hakuruka hata kimoja. Makohozi yalipimwa tena kuangalia usugu: haupo. Nikamwambia yote hayo, na kwamba dawa zinafanya kazi nzuri, moshi unazikwamisha, na kurudia fegi ni jambo la kawaida kwa wanaoacha, tuangalie imerudi kwa mlango upi.

Njaa ilikuwa imepata mtendaji, uji ulikuwa unaendelea. Usingizi pia. Mlango ulikuwa kijiwe. Hadithi ya vidonda vya tumbo ilikuwa imechakaa: mtu amenenepa, amepona, kwa nini bado anakataa fegi? Safari hii aliamua mwenyewe kumwambia ukweli rafiki mmoja tu, yule wanayepokezana mizigo. Alimwambia mambo mawili: kwamba ni TB, na kwamba mgonjwa anayemeza dawa sahihi ipasavyo kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki kadhaa. Rafiki alinyamaza, kisha akasema naye anakohoa.

Huo ndio ukawa uchunguzi wetu wa waliokaa karibu na mgonjwa. Familia tulishaipima mwanzoni. Kijiwe hakuwa tayari kukitaja, na hatukumlazimisha. Sasa wakaja watatu kutoka chini ya turubai lile. TB haisambai kwa kuchangia fegi mdomoni, inasambaa kwa hewa, lakini watu wanaochangia fegi wamekaa nyuso zimekaribiana saa nzima, turubai limeshushwa kuzuia mvua. Wawili hawakuwa nayo, akiwamo yule rafiki. Mmoja, kijana kuliko wote, alikutwa nayo na akaanza dawa.

Kuanzia hapo fegi ya kujificha ilikosa kazi. Rafiki alikuwa ndiye anayejibu kwa niaba yake: "Huyu hapigi, muacheni." Aliacha mara ya pili, bila kupanga siku, na arosto ilikuwa nyepesi zaidi.

Mwezi wa tatu hadubini haikuona vimelea. Mwezi wa nne alivuka kilo 55, na kwa utaratibu wa uzito vidonge vikaongezwa kutoka vitatu hadi vinne. Alishtuka, akadhani ugonjwa umepanda. Nilimwonyesha mstari wa kilo kwenye kadi, akacheka kwa mara ya kwanza humo ndani.

Mwezi wa tano kulikuwa na msiba kwao Tanga. Wanaume walilala nje, fegi zikazunguka, akavuta tatu usiku ule. Alitueleza kabla hatujauliza. Tuliandika, tukamuuliza misiba na harusi zijazo atakaa na nani, tukaendelea. Makohozi ya mwezi wa tano na wa mwisho yalikuwa safi. Alimaliza na kilo 57.

Dawa au maneno?

Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, na sisi hatuna kifaa cha kupima kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Tunategemea neno lake, la mke wake na pua zetu. Kwa hiyo nimeangalia wengine walipata nini. Nchini Pakistani, utafiti uliochapishwa 2013 ulihusisha wavutaji 1,955 waliodhaniwa kuwa na TB. Waliopata huduma ya kawaida tu, kama asilimia 8 ndio waliokuwa hawavuti baada ya miezi sita. Waliopata vikao vya mazungumzo walifika asilimia 41. Waliopata mazungumzo pamoja na bupropioni, dawa ya kusaidia kuacha sigara, asilimia 45. Utafiti mwingine, wa Bangladeshi na Pakistani, uliochapishwa 2020, ulihusisha wagonjwa wa TB 2,472. Wote walipewa mazungumzo, nusu yao wakaongezewa sitisini, nayo dawa ya kusaidia kuacha sigara, na nusu nyingine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Miezi sita baadaye, waliokuwa hawavuti walikuwa asilimia 32 dhidi ya 30.

Sisomi hapo kwamba dawa hazina thamani. Kwa wavutaji kwa jumla zimeonyesha msaada, na zikija kituoni kwetu nitazitoa. Nasoma kwamba kwa mgonjwa wa TB mazungumzo yenyewe yana uzito mkubwa, na kwamba kusubiri dawa zije ndipo tuanze ni kisingizio. Izingatiwe pia kwamba walioingia kwenye utafiti ule wa 2020 walikuwa wamesema wako tayari kuacha. Wasio tayari ndio wengi kwenye benchi letu, na kwao kazi ya kwanza ni ile ya kuuliza sigara inawafanyia nini.

Na mahali pa kuulizia tunapo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na ni hapa Tanzania, pamoja na Daktari Karel Styblo, ulipojengwa utaratibu wa dawa za muda mfupi zinazomezwa chini ya uangalizi, uliochukuliwa baadaye na Shirika la Afya Duniani kwa dunia nzima. Ni chache huduma nyingine za mtu mzima zinazomkutanisha mgonjwa na mhudumu yule yule mara nyingi hivyo kwa miezi sita. Mwenye presha haonwi hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mwanaume mmoja kati ya saba anatumia tumbaku, na mtu huyo hana sababu nyingine ya kukaa mbele ya muuguzi kila mara. Swali la tumbaku linachukua dakika mbili. Kwetu sasa linaandikwa kwa kalamu kwenye kadi, kila ziara, kando ya uzito.

Kasoro kubwa inakuja baada ya miezi sita. Kadi inafungwa, mgonjwa anaondoka na mapafu yenye makovu, na mvutaji yuko kwenye hatari zaidi ya TB kurudi. Huyu tumempangia miadi ya mwezi wa sita na wa 12 baada ya kumaliza. Kwenye ile ya kwanza alikuwa havuti. Anaishiwa pumzi akipandisha mlima na gunia la viazi, na nilimweleza kwamba sehemu ya pumzi ile haitarudi, lakini iliyobaki itadumu zaidi bila moshi. Mizigo mizito sasa anagawana na rafiki yake.

Lililobaki bila jibu kliniki kwetu ni chakula. Mgonjwa huyu alikuwa na mke mwenye akili ya haraka na mama lishe aliyekubali kukopesha. Aliye peke yake, anayelala sokoni, nikimnyang'anya fegi ya alfajiri sina cha kumwekea mkononi, na vidonge vinamwongezea njaa. Wakati wa kupanga bajeti ya halmashauri tunaombwa kila mwaka kuorodhesha mahitaji ya kliniki ya TB. Mwaka huu, juu ya barakoa na vikopo vya makohozi, tumeandika unga wa uji.